Kiti Hiki ni cha Nani?

Mteja alikuja karakanani kwa baba mdogo mwezi Julai, simu mkononi. Nazungumzia Malindi yetu ya Lushoto, si ile ya Kenya yenye bahari wala ile ya Unguja yenye bandari. Yetu iko juu, ukishapita msitu wa Magamba, na mwezi Julai mafundi hupiga randa wakiwa wamevaa makoti. Mteja akatuonyesha picha: kiti cha mezani, mgongo wake umechongwa mfano wa utepe uliofungwa fundo, kikalio kimevishwa kitambaa chekundu, miguu ya mbele imepinda na kuishia kwenye kucha za ndege zilizokamata mpira. Chini ya picha kulikuwa na neno moja: Chippendale. Alitaka sita vya namna hiyo.

Baba mdogo aliivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akachunguza maungio, akauliza meza ina urefu gani, kisha akataja bei. Mimi nilikuwa nimekuja likizo, nikaona nafasi ya kuonyesha kwamba nimesoma. Nikaeleza kwamba hivyo ni viti vya Thomas Chippendale, seremala mkubwa wa Uingereza wa karne ya 18, na kwamba kazi yetu hapo ilikuwa kumwiga tu. Hilo "tu" lilinitoka kirahisi.

"Yeye ndiye aliyekitengeneza hiki cha kwenye simu?" baba mdogo akauliza.

"Hapana, baba. Hiki kitakuwa cha kiwanda fulani cha siku hizi."

"Na huyo aliyekitengeneza anaitwa nani?"

"Hajulikani."

"Basi mwanangu, wote tunaiga. Mbona mwenye jina ni mmoja?"

Alirudi kwenye kazi yake. Hakuwa amekasirika, lakini siku nzima hakunituma hata kumletea msasa, na aliyemjua angeelewa. Swali lake nililichukua nikaondoka nalo. Makala haya ni jaribio la kulijibu, na ili kulijibu nililazimika kusoma kitabu ambacho watu wengi hukitaja bila kukifungua.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Gentleman and Cabinet-Maker's Director. Kilitoka London mwaka 1754, kikarudiwa mwaka 1755, na toleo la tatu, lililopanuliwa, likatoka mwaka 1762 likiwa na kurasa 200 za michoro. Leo nakala zake za picha zinapatikana bure kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kukaa nazo usiku mzima kama nilivyokaa mimi. Kwa jicho la haraka ni katalogi: viti, vitanda, makabati ya vitabu, meza za chai, fremu za vioo, mapazia. Lakini ukikisoma kama unavyosoma maandishi mengine yoyote, ukiuliza nani anasema, anamwambia nani, na anaficha nini, utaona kwamba ni wasifu wa mtu anayejijenga ukurasa baada ya ukurasa.

Tuanze na jina la kitabu. Lina wasomaji wawili: bwana, na seremala. Bwana ametangulia. Bwana anachagua, seremala anatengeneza, na katikati yao amesimama mtu wa tatu anayewaelekeza wote wawili. Hapo ndipo Chippendale alipojiweka. Alizaliwa Otley, mji mdogo wa Yorkshire, akabatizwa Juni 1718, mtoto wa seremala. Mwaka 1748 alioa London, na miaka sita tu baadaye, akiwa na umri wa miaka 35 au 36, mtoto huyo wa seremala wa mkoani alikuwa anamwelekeza bwana namna ya kupamba sebule yake. Hakusubiri kupewa cheo hicho. Alikichapisha.

Na hakuchapisha kwa unyenyekevu. Kurasa za kwanza hazina hata kiti kimoja. Zina nguzo: mitindo mitano ya nguzo za majengo ya kale ya Kigiriki na Kirumi, pamoja na vipimo vyake na masomo ya kuchora vitu vionekane na kina. Anadai kwamba bila elimu hiyo seremala hawezi kubuni kitu cha maana. Mara ya kwanza niliporuka kurasa hizo niliona ni majivuno. Niliporudi kuzisoma niliona hofu. Huyu ni mtu anayejua kwamba kazi ya mikono hudharauliwa, kwa hiyo anaingia ukumbini akiwa amebeba cheti. Kwenye dibaji hiyohiyo anajibu mafundi wenzake waliodai kwamba michoro yake ni mapambo ya karatasini yasiyoweza kutengenezwa na mtu. Anawajibu kwa ukali, anawaita wenye husuda na wasiojua kazi. Mtu aliyetulia moyoni hajibu hivyo.

Lakini kuna jambo moja kwenye michoro yenyewe lililonifanya nimpende. Katika kurasa nyingi za viti, mguu wa kushoto haufanani na mguu wa kulia. Upande mmoja umenyooka, upande mwingine umepinda na kuchongwa. Nilidhani ni kosa, mpaka nilipoelewa kwamba ni menyu. Anamwambia bwana: chagua huu au huu. Na anamwambia fundi wa mbali, asiyemjua: hiki si kiti kilichokamilika, malizia wewe. Hakuna mtu duniani anayeweza kutengeneza kiti kile kama kilivyochorwa, maana kitakuwa na miguu isiyolingana. Lazima aamue. Kwa maneno mengine, kitabu kiliandikwa ili kiigwe, na kuiga huko kulihitaji uamuzi wa fundi tangu siku ya kwanza. Kilipovuka bahari kikafika kwa mafundi wa Philadelphia, nao waliamua yao, kwa mbao zao na kwa wateja wao. Hakuna anayewaita waigaji tu. Wanaitwa shule ya Philadelphia.

Sasa turudi kwenye picha ya mteja wetu. Mgongo wa utepe umo kitabuni. Ni kati ya kurasa zake maarufu zaidi. Lakini ile miguu yenye kucha zilizokamata mpira, ambayo watu wengi wakiiona husema bila kusita "hiyo ni Chippendale", haimo. Katika matoleo yote matatu hakuichora. Ilikuwepo kabla yake na wengine waliitumia, ila jina lake lilipokuwa kubwa lilivimeza vitu vilivyokuwa jirani. Ukiliandika jina hilo kwenye intaneti leo utakutana na wanaume wa Marekani wanaocheza vifua wazi: kilabu yao ilianza Los Angeles mwaka 1979, miaka 200 kamili tangu seremala afe, na jina walilitoa kwenye mtindo wa samani. Kindi wawili wa katuni za Disney, Chip na Dale, nao wamepewa majina kwa mchezo wa neno hilohilo. Jina likishaachana na mkono huenda popote.

Swali la baba mdogo linaanzia hapo. Mkono ulikuwa wapi?

Mwaka huohuo wa 1754 Chippendale alihamia St Martin's Lane, mtaa wa maana wa London, akiwa na mshirika Mskoti, James Rannie, mwenye mtaji. Mlangoni walitundika alama ya kiti. Tarehe 5 Aprili 1755 moto uliunguza karakana yao, na habari za moto huo ndizo zinazotupa idadi moja adimu: yaliungua masanduku ya vifaa ya mafundi 22. Fundi wa wakati ule, kama wa leo, alikuja kazini na vifaa vyake mwenyewe. Sanduku likiungua, umaskini umeanza. Karakana ilipokuwa katika kilele chake inakadiriwa iliajiri watu 40 au 50. Walikuwepo wachongaji, wapaka dhahabu, wabandikaji wa maganda ya mbao za rangi, washonaji wa mapazia na wajazaji wa magodoro. Chippendale alikuwa akichora, akitafuta wateja, akisafiri kwenye majumba yao, akigombana nao kuhusu bei. Haiwezekani kuonyesha kiti kimoja cha karakana hiyo na kusema kwa uhakika: hiki alikichonga yeye kwa mikono yake.

Tena hakuweka mhuri. Paris, kuanzia katikati ya karne ile, chama cha mafundi kiliwataka mabingwa wagonge majina yao kwenye samani wanazouza. London hapakuwa na sheria hiyo. Kwa hiyo ili ujue kabati fulani ni la Chippendale, unatafuta risiti kwenye makaratasi ya familia iliyolinunua. Kinachothibitisha kazi yake ni daftari la madeni ya mteja.

Hata umiliki wa kitabu ulipata mashaka. Mwaka 1929 wanahistoria wawili wa sanaa, Fiske Kimball na Edna Donnell, walitoa hoja kwamba wabunifu halisi wa michoro ile walikuwa wachoraji wengine, Matthias Lock na Henry Copland. Ilichukua muda mrefu kumrudishia Chippendale nafasi yake. Kitabu kikubwa cha Christopher Gilbert cha mwaka 1978 ndicho kilichofanya kazi hiyo kwa kuzifuata zile risiti, nyumba kwa nyumba. Naona haki katika kazi ya Gilbert. Lakini naona pia namna mjadala wote ulivyokwenda: ni huyu au ni wale wawili? Hakuna aliyeuliza kwa sauti kubwa kuhusu wale wenye masanduku 22.

Kuna nusu nyingine ya kazi yake ambayo wahakiki huipita haraka. Chippendale hakujiita seremala peke yake. Alijitambulisha kuwa mtengenezaji wa makabati na fundi wa makochi. Huyu wa pili, katika karne ile, hakuwa mtu wa kupigilia kitambaa kwenye kikalio tu. Alipamba chumba chote: pazia, kitanda na neti zake na mito, karatasi za ukutani, mazulia, hata vifuniko vya kuzuia vumbi visiharibu vitambaa vya bei. Kitanda cha kifahari kilikula fedha nyingi kwenye kitambaa kuliko kwenye mbao. Kwenye orodha ya vitu alivyopeleka Nostell Priory, nyumba ya Sir Rowland Winn, pamoja na makabati ya kutisha kwa uzuri limo pia gogo la kukatia nyama jikoni. Huo ndio ukubwa wa ukumbi aliokuwa akiuhudumia: kutoka chumba cha kulala cha bwana hadi kwa mpishi.

Lakini hariri huoza na mbao hudumu. Kile ambacho wateja walilipia zaidi ndicho kilichopotea, na kile kilichobaki ndicho tulichokiita sanaa. Nikisoma sifa za "mistari" na "umbo" la viti vyake, nakumbuka kwamba tunasifu mifupa. Nyama yake, yaani singa za farasi zilizojazwa kwa mkono, gunia, uzi, kitambaa kilichovutwa mpaka kikakaza bila kukunjamana, imebadilishwa mara nyingi na watu wengine. Baba mdogo anajua hili bila kusoma. Kwake kochi huharibika kuanzia kwenye kitambaa, na mteja hurudi na fremu ileile akitaka ngozi mpya. Uhakiki wa samani ambao haujui kushona ni uhakiki wa nusu.

Na mbao zenyewe? Mti uliotengeneza jina la seremala huyu ni mkangazi wa Karibi, ule wa Jamaika, Kuba na Hondurasi. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka makoloni yake ya Amerika, na mbao hizo zikaanza kumiminika. Zilikatwa na kuburutwa hadi mitoni na watumwa wa Kiafrika. Wateja nao: Edwin Lascelles, mwenye Harewood House huko Yorkshire, mteja mkubwa kuliko wote, alirithi mali iliyotokana na sukari ya Barbados na biashara ya watumwa. Mwaka 1773 Chippendale alimtengenezea kabati la droo lenye picha za miungu Diana na Minerva, kwa pauni 86. Ni miongoni mwa samani nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Uingereza, na nalisema hilo bila kinyongo. Lakini yule anayeniambia nilitazame umbo tu, nisiulize fedha zilitoka wapi, ananiomba nifanye kama yule bwana wa kwenye jina la kitabu.

Huyo bwana, zaidi ya hayo, alikuwa mlipaji mbaya. Hili ndilo linalosikitisha katika maisha yaliyofuata. Rannie alifariki mwaka 1766 na mtaji wake ukaondoka. Karakana ikalazimika kuuza akiba ya bidhaa kwa mnada. Barua za Chippendale kwa Winn ni barua za mtu anayeomba alipwe chake, na Winn naye analalamika kwamba kazi imechelewa. Mwaka 1769 forodha ilimkamata akiingiza kutoka Ufaransa viti dazani tano ambavyo havijamaliziwa, kwa thamani aliyoitangaza ndogo mno. Nilicheka nilipokutana na hilo. Baba wa samani za Kiingereza alikuwa anaagiza fremu nje, amalizie kwake! Ukienda Keko, Dar es Salaam, utakuta fundi amenunua fremu kwa mwenzake, akavisha, akauza kwa jina la duka lake, na hakuna anayemwandikia kitabu cha kumsifu wala makala ya kumlaumu. Chippendale alifariki Novemba 1779 kwa kifua kikuu, bila utajiri wa kulingana na jina lake. Mwanawe, aliyeitwa Thomas pia, aliendeleza kazi, naye akafilisika mwaka 1804.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa baba mdogo ni hili: mwenye jina ni mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyechapisha. Hakuwa peke yake katika ustadi. Huenda hata katika karakana yake mwenyewe walikuwepo waliomzidi mkono. Ila aligundua mapema kwamba kiti husafiri polepole na karatasi husafiri haraka. Kitabu kilimlipa jina, hakikumlipa deni.

Nilitaka kuishia hapo, nikageukia kwetu nikitafuta mfano wa kinyume, na karibu nitumbukie kwenye shimo jingine.

Mfano wenyewe ni kiti cha enzi cha pwani. Wengi waliokiona wamekiona kwenye makumbusho ya Lamu au kwenye picha: kiti kirefu cha mpingo, mgongo wima, mikono iliyonyooka, mahali pa kuwekea miguu, nafasi za mgongoni na za kukalia zimesukwa kwa nyuzi, na vipande vya mfupa au pembe za ndovu vimepachikwa kwa mpangilio wa hesabu. Kiliweza kufunguliwa na kuunganishwa upya. Vilivyobaki vingi ni vya karne za 18 na 19, kwa hiyo baadhi vilikuwa vikitengenezwa Chippendale akiwa hai. Siyu, kisiwani Pate, palisifika kwa mafundi wa kazi za mbao. Wataalamu kama James de Vere Allen wameandika mengi kuhusu asili ya umbo lake, wengine wakitazama Misri, wengine Ureno, wengine India. Kuhusu waliovitengeneza, kibao cha makumbusho husema "Waswahili".

Mwanzoni niliandika kwenye rasimu yangu kwamba huo ndio utamaduni bora: kiti kisicho na jina la fundi, mali ya jamii, ambapo heshima ilikwenda kwa mgeni aliyekaribishwa kukikalia. Sentensi hiyo ilikuwa tamu. Niliifuta. Kiti cha enzi hakikuwa cha jamii. Kilikuwa cha wenye nyumba za mawe, na kilisema wazi nani anakaa juu na nani anakaa mkekani. Mji ambao ulikumbuka nasaba za mabwana wake kwa vizazi vingi haukukosa uwezo wa kukumbuka. Ulichagua. Kumwita fundi wa Siyu "sanaa ya jamii" ni kumfuta mara ya pili, safari hii kwa sifa. London walimfuta mfanyakazi nyuma ya jina la mwenye karakana. Sisi tulimfuta nyuma ya jina la aliyekaa.

Huku milimani hatukuwa tofauti. Karne ileile ya 18 ndiyo wanahistoria wanayomweka Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akagawa nyama ya nguruwe, akawa mfalme wa Usambara na makao yake Vuga. Habari zake tunazisoma kwa Kiswahili, kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi. Ni kitabu ninachokipenda, na ni kitabu cha wafalme, wake zao, watoto wao na vita vyao. Aliyechonga vinu vya Vuga hakuwa na sababu ya kuingia humo.

Kisha wakaja Wajerumani, na mbao zikapata majina, lakini si ya watu wetu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Wilkins & Wiese iliweka kiwanda cha mbao Shume, mwendo mfupi kutoka Malindi, na kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikatengeneza njia ya waya ya kuteremshia mbao kutoka mlimani hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Walichokifuata ni mwangati, mti wenye harufu nzuri unaochongeka kwa urahisi, ule ambao Wazungu waliupenda kwa kutengenezea penseli. Nayajua majina ya kampuni, naujua mji ilikotengenezwa mitambo ya waya. Waliopanda juu kukata hawakuandikwa, ingawa ilikuwa miti ya kutengenezea penseli.

Leo Shume ni shamba la miti ya serikali, paini na saiprasi zilizopandwa kwa mistari, na ndiko zinakotoka mbao nyingi za karakana ya baba mdogo. Vile viti sita vilitengenezwa kwa saiprasi, vikapakwa rangi ya mkangazi. Nilikuwepo wiki mbili za mwanzo. Niliona jinsi alivyoikataa ile miguu yenye kucha. Alisema mbao hii ni laini, kucha zitavunjika watoto wakiburuta viti, akachora kwa penseli mguu wa mraba ulionyooka, uliochongwa mfereji mmoja kila upande. Mteja akakubali. Niliporudi kwenye simu yangu usiku nilifungua tena kitabu cha 1762, nikaona viti vyenye miguu iliyonyooka namna hiyo. Baba mdogo hakuwahi kuiona kurasa ile. Alifika kwa njia yake, akianzia kwenye mbao na watoto. Sikumwambia kwamba amemwiga mtu.

Nikamwomba tu radhi kwa lile neno langu, na nikamshauri aandike jina lake chini ya vikalio, kabla kitambaa hakijafungwa. Akanionyesha jambo. Karakanani kulikuwa na kochi la zamani lililoletwa kuvishwa upya. Akang'oa kitambaa, akang'oa gunia, akaninyoshea kidole ubavuni mwa fremu. Palikuwa na maandishi ya penseli: mwezi, mwaka, futi, na herufi mbili za mwanzo za jina la mteja. "Hii niliifanya mimi," akasema. Alikuwa ameitambua kwa maungio kabla hajaufikia mwandiko. Miaka yote alikuwa akiandika ndani ya makochi, na kila mara aliandika la mteja.

Nikadhani amekataa. Lakini viti vilipokuwa tayari kuvishwa alinipa penseli, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka zaidi. Nikaandika jina lake kwenye cha kwanza. Akasema bado. Akanitajia jina la kijana aliyepiga msasa na kukata ndimi za maungio, kisha jina la mama wa jirani mwenye cherehani aliyeshona vitambaa. Majina matatu, mara sita. Halafu akavuta kitambaa chekundu, akakikaza, akapigilia, majina yakafunikwa.

Nilimwuliza kama naweza kuyaandika na kwenye makala haya. Alifikiri kidogo, akasema majina yale ni ya kwenye kiti, na atakayeyaona ni fundi atakayekuja kukifungua. Nimemtii. Nilichojifunza kukidai, kwake na kwa wahakiki wenzangu, si kwamba kila jina litangazwe. Ni kwamba anayeandika kuhusu kitu kizuri akubali kukifungua, ang'oe kitambaa, atazame ubavuni mwa fremu, na asiite "hajulikani" mtu ambaye hakuna aliyemwuliza.